Daftari la Duka la Zamani: Mwongozo Kamili wa Kusoma Maisha ya Watu wa Kawaida Kupitia Vitabu vya Hesabu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka wa zamani alilishika neno hilo barabara: kila ratili ya sukari iliyotoka bila pesa mkononi iliandikwa, na kila senti iliyorudi iliandikwa. Leo mali ile imekwisha yote. Sukari ilinywewa, kaniki ilichakaa ikawa tambara, deni lililipwa au lilikufa na mwenyewe. Habari ndiyo iliyobaki.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, mwalimu wa historia, mjukuu aliyekuta sanduku stoo, na yeyote anayetaka kujua watu wa kawaida walinunua nini, walivaa nini na nani alimwamini nani. Majalada ya serikali ya kikoloni yamejaa mabwana shauri, kodi na kesi. Mtu aliyelima shamba lake, akalipa kodi yake na asifike mahakamani, humo ni tarakimu tu. Dukani yumo kwa jina, Jumamosi jioni, akichukua nusu ratili ya chumvi na kiberiti kimoja.

Mfano nitakaoufuata ni duka la mji mdogo wa mkonge kwenye njia ya reli ya Tanga, tuseme pande za Muheza au Korogwe, kati ya miaka ya 1920 na 1960. Mkonge uliletwa na Wajerumani mwaka 1893, na mashamba yake yakavuta vibarua kutoka mbali: Wanyamwezi, Waha, Wamakonde, Warundi. Duka moja liliweza kuhudumia manamba (vibarua wa mkataba) wa kambini, Wabondei na Wasambaa wenyeji, karani wa stesheni na mwalimu wa misheni. Kama kitabu chako kinatoka Lindi, Pemba au Kisumu, njia ni ile ile. Utabadilisha zao, msimu na fedha.

HATUA YA KWANZA: KUVIPATA, NA KUOMBA RUHUSA

Duka dogo lilikuwa la familia, kwa hiyo vitabu vyake hukaa na familia. Anza na wazee wa mji: duka la pale kona lilikuwa la nani, na watoto wake wako wapi? Majibu mengine yatakupeleka Dar es Salaam au Mombasa, mengine Leicester au Toronto, kwa sababu familia nyingi za Kihindi zilihama. Ukiwauliza, usiseme "nyaraka". Uliza vitabu virefu vya babu vyenye jalada la kitambaa chekundu, vilivyoshonwa kwa uzi. Watakumbuka mara moja. Wala usiishie kwa Wahindi. Kulikuwa na maduka ya Waarabu na ya Waafrika, na hao wa mwisho mara nyingi waliandika kwenye madaftari ya shule, ambayo hakuna anayeyadhania kuwa ni historia. Vyama vya ushirika navyo viliandika sana. Chama kikuu cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933.

Njia nyingine ni mahakama. Mfanyabiashara akifa au akifilisika, orodha ya wadeni wake na ya bidhaa zilizobaki rafuni ingeweza kuingizwa kwenye jalada la mirathi au la ufilisi. Kwa hiyo ukienda Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, au zile za Nairobi, usiombe "vitabu vya duka" peke yake. Omba pia majalada ya mirathi na ya ufilisi ya wilaya yako.

Ukisikia kitabu kipo mahali, nenda wiki hiyo hiyo. Karatasi nzuri ya leja imefungia karanga na maandazi mengi nchi hii. Vingine viliachwa Uganda mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 kuondoka. Vingine vilipotea maduka binafsi ya vijijini yalipofungwa Tanzania kwenye Operesheni Maduka ya mwaka 1976.

Mwenye kitabu akikukubalia kusoma, hajakukubalia kutangaza. Andikianeni karatasi fupi: kitabu halisi kinabaki kwa nani, nani anapata nakala, na majina ya wadeni yatafichwaje. Sisemi hivi kwa kufuata taratibu tu. Deni ni aibu, na aibu hiyo mtaani hurithiwa. Mjukuu wa aliyekufa na deni la doti tatu huenda ni jirani yako.

HATUA YA PILI: KUKIOKOA KABLA YA KUKISOMA

Nawa mikono, ikauke kabisa. Weka kitabu mezani karibu na dirisha, mbali na jua la moja kwa moja, na chini yake tandika kitambaa safi. Kama kina unyevu, kiache kikauke kivulini penye hewa, ukiweka karatasi nyeupe zisizo na maandishi kati ya kurasa. Usikianike juani na usikipulizie dawa ya wadudu. Ukurasa uliochanika usiuzibe kwa selotepu: gundi yake hugeuka manjano na kula wino. Kurasa zilizogandana ziache kama zilivyo mpaka upate mtu wa hifadhi anayejua kuzitenganisha.

Usitoe kitu kilichomo ndani. Vikaratasi vilivyochomekwa, chiti za karani wa shamba, stakabadhi za reli, hata jani lililokaushwa, vipige picha hapo hapo vilipo. Chiti iliyoko ukurasa wa 112 inaeleza jambo la ukurasa wa 112. Ukiihamisha imekuwa yatima.

Kisha piga picha kitabu chote: jalada, mgongo, kurasa mbili mbili zikiwa wazi, na rula pembeni kuonyesha ukubwa. Kurasa tupu nazo zipige. Zitakusaidia kujua duka lilisimama lini. Simu ya kawaida inatosha ukiiweka juu ya kitu kisichotikisika na mwanga ukatoka pande zote mbili. Yape mafaili majina yenye mpangilio, kwa mfano DK01_uk045, na weka nakala mbili mahali pawili tofauti kabla hujalala siku hiyo.

HATUA YA TATU: KUJUA UMESHIKA KITABU GANI

Hapa ndipo wengi hupotea. Duka lililopangwa vizuri lilikuwa na kitabu cha kila siku, kilichoandika mambo yalivyotokea kuanzia asubuhi hadi kufunga, na leja, ambayo ilimpa kila mteja ukurasa wake. Wafanyabiashara wa Kigujarati, yaani Wahindi wenye asili ya Gujarat, waliita cha kwanza rojmel na cha pili khatavahi. Cha kwanza kinakuonyesha siku ya duka. Cha pili kinakuonyesha mtu mmoja kwa miaka. Ukibahatika kupata vyote viwili, chukua miezi mitatu ya kitabu cha siku na ufuatilie kila mstari ulivyohamishiwa kwenye leja. Kazi inachosha, lakini hakuna njia nyingine ya kujifunza tabia ya mwandishi kwa haraka hivyo.

Ukipata leja peke yake, andika hili ukutani: aliyelipa taslimu humo hayumo. Leja ya wateja ni kitabu cha wakopaji. Ukisema "watu wa mji huu walinunua sukari kidogo" kwa kuangalia leja tu, umesema jambo usilolijua.

Angalia pia pande za ukurasa. Katika utaratibu wa zamani wa Kigujarati, jama, yaani kilichoingia, hukaa kushoto, na udhar, kilichotoka kwa mkopo, hukaa kulia. Katika utaratibu wa Kizungu deni la mteja hukaa kushoto. Ukikosea upande, wadeni wako wote wanakuwa wadai. Tafuta mstari wenye bidhaa isiyo na shaka, kama mafuta ya taa au kibiriti, uone umekaa upande gani. Huo ndio upande wa mkopo.

Tafuta vilevile ukurasa wa mtu ambaye mwenye duka mwenyewe anadaiwa naye. Duka dogo lilichukua mali kwa mkopo kutoka kwa tajiri wa Tanga, Mombasa au Unguja, naye tajiri akaichukua kwa mkopo kutoka Bombay. Allidina Visram, aliyefariki mwaka 1916, alijenga biashara iliyoanzia Bagamoyo hadi Uganda, na wenye maduka madogo wengi walichukua mali kwake. Doti aliyokopa manamba Korogwe ilikuwa pete ya mwisho ya mnyororo mrefu. Pete ya juu ikikaza, ya chini hukaza pia: mwezi ambao tajiri alimbana mwenye duka, utaona mwenye duka naye ameanza kuwabana wateja.

HATUA YA NNE: MAANDISHI, TAREHE, FEDHA NA VIPIMO

Kitabu chako kinaweza kuwa cha Kigujarati, Kiarabu, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili kwa herufi za Kirumi, au mchanganyiko. Lugha ya hesabu iliwahi kuwa ugomvi wa kisiasa: mwaka 1923 wafanyabiashara wa Kihindi wa Tanganyika walifunga maduka yao kupinga sheria mpya za serikali, na mojawapo ya yaliyowaudhi ni kulazimishwa kuandika vitabu kwa Kiingereza au Kiswahili badala ya Kigujarati. Kama kitabu chako cha miaka hiyo kinabadili lugha katikati, huenda unatazama alama ya ugomvi ule.

Usisubiri kujua lugha nzima. Anza na tarakimu. Za Kigujarati ni ૦ ૧ ૨ ૩ ૪ ૫ ૬ ૭ ૮ ૯, na za Kiarabu ni ٠ ١ ٢ ٣ ٤ ٥ ٦ ٧ ٨ ٩. Ziandike kwenye kadi uiweke mbele yako. Mitego ni miwili. Moja ya Kigujarati (૧) inafanana na tisa yetu, na tano ya Kiarabu (٥) inafanana na sifuri yetu, wakati sifuri yao ni nukta. Katika hesabu za Kigujarati vistari vya wima baada ya tarakimu ni robo: kimoja robo, viwili nusu, vitatu robo tatu. Baada ya tarakimu, jifunze maneno ishirini ya bidhaa yanayojirudia. Kwa hayo utasoma sehemu kubwa ya kitabu. Yaliyobaki mpelekee mzee anayejua mwandiko wa kibiashara, maana mwandiko huo uliacha irabu nyingi, na kijana aliyesoma Kigujarati cha shuleni unaweza kumshinda.

Tarehe. Wafanyabiashara wengi wa Kigujarati walifuata kalenda ya Vikram Samvat, ambayo mwaka wake huanza baada ya Diwali, sikukuu ya Kihindu inayoangukia Oktoba au Novemba. Kupata mwaka wetu, toa 57 kama tarehe iko kati ya Diwali na mwisho wa Desemba, na utoe 56 kama iko kati ya Januari na Diwali inayofuata. Samvat 1990 kwa hiyo ilianza robo ya mwisho ya mwaka 1933 na ikaendelea hadi 1934. Neno sud ni nusu ya mwezi mwandamo unaokua, vad ni nusu unaopungua. Wahindu na Wajaini walifungua vitabu vipya Diwali kwa dua, na kabla ya kufungua vipya, vya zamani vilipaswa kufungwa. Angalia kama madeni ya kitabu chako yanadaiwa kwa nguvu zaidi katika wiki za kuelekea Diwali. Mteja wa Kibondei hakuwa na habari na Diwali, lakini huenda deni lake lilikuwa nayo.

Fedha nazo zina historia, na zimebaki mdomoni mwetu: pesa imetokana na paisa ya Kihindi, hela na Heller ya Kijerumani. Rupia ya Kijerumani iligawanywa pesa 64 mpaka mwaka 1904, kisha heller 100. Rupia ya Kihindi ilikuwa na ana 16. Waingereza waliiondoa rupia bara mwaka 1920, wakapitia florini kwa muda mfupi, na kufikia 1922 wakaingia kwenye shilingi ya Afrika Mashariki. Rupia moja ilihesabiwa shilingi 2. Zanzibar ilibaki na rupia hadi mwanzo wa 1936, na huko rupia moja ilibadilishwa kwa shilingi moja na senti 50. Ukilinganisha duka la Unguja na la Tanga kwa kiwango kimoja utapata bei za ajabu zisizokuwapo. Na kumbuka shilingi yetu ilikuwa na senti 100, si peni 12. Kitabu kikiandika 3/75, ni shilingi tatu na senti 75. Wazee watakwambia thumni ni senti 50 na ndururu ni senti 5.

Vipimo vitakutesa kuliko fedha. Ratili ni karibu gramu 450, na frasila ni karibu ratili 35, yaani kilo 16 hivi. Nafaka ilipimwa kwa ujazo: vibaba viwili ni kisaga, vibaba vinne ni pishi. Debe ni lile bati la mafuta ya taa la galoni nne, karibu lita 18. Nguo ilihesabiwa kwa jora, kwa yadi, kwa doti, na kwa korija ambayo ni vipande 20. Ushauri wangu: kwenye jedwali lako andika kipimo kama kilivyoandikwa, kisha weka safu nyingine ya makadirio yako. Kibaba kinaweza kujazwa kwa kufutwa au kwa kichuguu juu, na tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa faida ya duka au hisani yake.

HATUA YA TANO: JEDWALI

Fungua jedwali kwenye kompyuta, au chora kwenye daftari kubwa. Safu ninazozipenda ni hizi: namba ya picha na ukurasa; tarehe kama ilivyo; tarehe yetu; jina kama lilivyo; namba ya siri ya mteja; bidhaa kama ilivyoandikwa; bidhaa kwa jina la leo; kiasi na kipimo; bei; malipo; kwa mkono wa nani; maelezo. Neno usilolisoma lisikuzuie. Weka alama ya kuuliza uendelee.

Safu ya "kwa mkono wa nani" usiiache. Vitabu vya Kigujarati vina neno haste, lenye maana hiyo hiyo: aliyekuja dukani si lazima awe mwenye deni. Hapo ndipo utakapowapata wake, watoto na watumishi ambao hawana kurasa zao.

Majina yana kazi yake. Juma ni wengi, kwa hiyo mwandishi huongeza kazi, kabila au mahali: Juma Fundi, Juma wa Kisimani. Mtu mmoja pia anaweza kuandikwa namna tatu na wandishi watatu. Usiunganishe kurasa mbili kuwa mtu mmoja mpaka uwe na ushahidi wa pili, kama vile salio la ukurasa wa kwanza kuhamia wa pili.

HATUA YA SITA: KUULIZA MASWALI

Chukua ukurasa mmoja usome kama barua. Huu nimeutunga kwa kufundishia, bei zake zisichukuliwe kuwa za kweli. Mteja nimempa namba M14, na kitabu kinasema ni Mnyamwezi wa kambi ya pili.

Machi 3: sigara, chumvi ratili 1. Deni 0/45.
Machi 9: mafuta ya taa chupa 1. Deni 0/30.
Machi 21: kaniki 1, kwa mkono wa mkewe. Deni 4/50.
Aprili 14: amelipa 4/00.
Aprili 14: sukari ratili 1, majani ya chai. Deni 0/80.

Kwanza, tarehe ya malipo. Kwa nini Aprili 14 na si mwisho wa mwezi? Vibarua wa mkonge walilipwa kwa kipande: kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara ulitoka kadi ikijaa, hata kama zilimchukua wiki sita au zaidi kuzifikisha kwa sababu ya homa, mvua au shamba lake mwenyewe. Ukichora malipo ya wateja wote wa kambini kwenye kalenda, unaona kasi ya kazi ya kambi nzima, na hukuhitaji kitabu cha shamba.

Pili, deni halikwisha. Alidaiwa 5/25, akalipa 4/00, ikabaki 1/25, na saa hiyo hiyo akakopa 0/80. Salio ni 2/05. Mtu wa leo huona uzembe. Mimi naona uzi ulioachwa makusudi: deni dogo lililobaki ni ahadi ya pande zote mbili kwamba mteja atarudi na duka litampa.

Tatu, unga haumo. Usiandike kwamba Wanyamwezi wa kambini hawakula ugali. Mashamba mengi yaligawa posho ya chakula, na kilichotolewa na posho hakikununuliwa. Nne, mke yumo. Huenda orodha ya shamba ilimhesabu M14 mwanamume mmoja, lakini kaniki ya Machi 21 inasema kambi ile ilikuwa na nyumba na jiko.

Ukishasoma kurasa thelathini namna hiyo, panda juu uangalie duka lote. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kilele cha deni: kiwango cha juu kabisa ambacho mwenye duka alimruhusu kila mteja kufikia kabla ya kusema basi. Kipange kwa kazi za watu, mnyapara, karani, mkulima wa nazi, kibarua mgeni, nawe utakuwa umechora ramani ya imani ya mji. Kipimo hiki kina uzito zaidi Tanganyika, kwa sababu sheria ya mwaka 1931 ya kuzuia mikopo kwa Waafrika ilimnyima mfanyabiashara asiye Mwafrika haki ya kudai mahakamani deni ambalo serikali haikuliidhinisha. Aliyemkopesha M14 shilingi tano hakuwa na hakimu nyuma yake. Alikuwa na macho yake, maneno ya majirani, na kumbukumbu ya alivyolipwa mara ya mwisho. Tazama pia deni lilivyofungwa. Lililipwa kwa fedha, kwa mbata, kwa ufuta? Au kuna neno moja tu pembeni: amehama, amekufa, amesamehewa?

Kisha weka kalenda tatu juu ya jedwali lako. Ya mvua: masika ya Machi hadi Mei ni wakati ghala za wengi hupungua, na mkopo wa chakula huonekana hapo. Ya Kiislamu: Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo usitafute ongezeko la tende, sukari na khanga katika mwezi ule ule wa Kizungu. Ya dunia: mdororo ulioanza mwaka 1929 uliporomosha bei ya mkonge, na Japani ilipoiteka Ufilipino mwaka 1942, katani ya Manila, nyuzi za kamba za huko, ikakosekana na mkonge wa Tanganyika ukatakiwa kwa nguvu. Manamba aliyekopa sigara mbili badala ya pakiti hakusikia habari za Ufilipino, lakini ziko kwenye ukurasa wake.

Na usidanganywe na jina la bidhaa. Merikani ilipata jina kutoka kwa nguo ya pamba ya Marekani iliyoletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, 1861 hadi 1865, viliikata biashara hiyo. Baadaye merikani ikatoka Bombay, na katika miaka ya 1930 nyingi ikatoka Japani. Jina halikubadilika. Ukitaka kujua ilikotoka kweli, nenda kwenye ankara za tajiri aliyeleta mali.

HATUA YA SABA: YASIYOANDIKWA

Nimekwisha kutaja wanunuzi wa taslimu na posho. Ongeza gulio, ambako muhogo, samaki na kuku viliuzwa bila karatasi. Pombe ya kienyeji, iliyokunywewa kila wiki bila kuonekana dukani. Na chakula cha shambani kwa mtu. Duka linaonyesha sana kile ambacho watu hawakuweza kujitengenezea: chumvi, mafuta ya taa, sabuni, nguo, sindano, sukari. Kwa wenyeji wenye mashamba ni sehemu ndogo ya maisha. Kwa manamba ni kubwa zaidi. Usiwalinganishe kana kwamba daftari linawaona sawa.

Kumbuka pia nani aliyeshika kalamu. Mdeni mara nyingi hakuweza kusoma kilichoandikwa juu yake. Jumlisha upya kila ukurasa. Makosa ya hesabu yapo katika kila kitabu. Yakienda pande zote, ni uchovu. Yote yakienda upande wa duka, umegundua jambo, na unapaswa kulisema hata kama familia ya mwenye duka ndiyo iliyokukaribisha chai.

HATUA YA NANE: WAZEE

Nenda kwa wazee ukiwa na orodha ya bidhaa, usiende na orodha ya madeni. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, uliza mambo madogo: nani alitumwa dukani? Kaniki moja ilivaliwa muda gani? Sukari ililiwa siku gani? Mwenye duka alikuwa mkali? Uliza maneno usiyoyajua kama yalivyoandikwa, uyatamke vibaya kama alivyoyaandika Mgujarati, nao watacheka na kukusahihisha. Beba kibaba kama unacho. Mzee akikishika mkononi hukumbuka namna kilivyojazwa. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka mwaka 1923, litakusaidia kupata tarehe za njaa, nzige na habari nyingine za nchi ambazo wazee wamezichanganya.

HATUA YA TISA: KURUDISHA

Katika maandishi yoyote utakayotoa, tumia namba za siri, na orodha inayounganisha namba na majina ihifadhi mbali na jedwali. Ondoa pia alama zinazomfichua mtu bila jina: "kinyozi pekee wa stesheni" ni jina tosha katika mji wa watu mia tatu. Nakala za picha zipeleke kwa familia kwanza, kisha shule au maktaba ya mji ule kama familia imeridhia, na mwisho kwenye hifadhi ya nyaraka.

Ukiipeleka nakala kwa familia, usiikabidhi mlangoni. Kaa, fungua ukurasa mmoja mliokwisha kuusoma, na uulize kuhusu mwandiko. Katika vitabu vingi mkono hubadilika katikati ya mwezi, herufi zikawa za mviringo zaidi kwa wiki mbili, kisha mkono wa kwanza ukarudi. Waulize nani aliandika zile wiki mbili, na mwenye duka alikuwa amekwenda wapi.